Wembe wa zamani wa kukunja: unausafisha mpaka wapi? Mwongozo kamili kabla hujashika msasa

Kila mtu aliyepata wembe wa zamani, ule wa kukunja unaoingia kwenye mpini wake, swali lake la kwanza ni moja tu: nianze na msasa namba ngapi? Na mimi jibu langu ni lile lile, niambie kwanza utaishia wapi. Chuma ukishakikwangua kimeenda, maji yakimwagika hayazoleki, na nyembe nyingi nilizoziona zimekufa kabisa zilikuwa zimevumilia kutu miaka na miaka halafu zikamalizwa mchana mmoja na mtu aliyezipenda sana akiwa na mashine mkononi.

Naishi huku kaskazini mwa Uingereza, Sheffield siyo mbali, na kwenye masoko ya Jumapili ya vitu vya zamani nyembe hizi nazikuta kwenye maboksi pamoja na vijiko na funguo zisizo na kufuli. Sheffield na Solingen ya Ujerumani ndo ilikuwa miji mikuu ya nyembe, ongeza Thiers kule Ufaransa na Eskilstuna Sweden. Mwaka 1903 Gillette alianza kuuza wembe wake wa kubadilisha kiwembe, na baada ya hapo hizi za kukunja zikaanza kupotea taratibu majumbani, kwa hiyo nyingi utakazoshika zina umri wa babu wa babu yako na kiwanda chenyewe hakipo tena.

Tuelewane maneno kwanza. Bapa ni kile chuma kizima. Makali unayajua. Mgongo ni upande mnene wa juu, na mgongo huu siyo urembo, nitaeleza. Shingo ni pale bapa linapokaribia mpini, ndo penye muhuri wa kiwanda. Mpini ni vibao viwili vilivyobanwa na pini, na kule mwisho katikati yake kuna kabari ndogo inayoviachanisha.

Hatua ya 1: kaa nao mezani, usifanye kitu

Piga picha pande zote mbili, shingo kwa karibu, mpini kwa karibu. Kisha lenzi ya kukuzia, mara kumi inatosha, na taa ya simu. Shika wembe makali yakiwa juu yanakutazama chini ya taa, makali mazima hayaonekani kabisa, ukiona nukta inang'aa ujue hapo pamebutuka au pamemeguka.

Halafu tafuta ufa. Ufa ndo hukumu ya mwisho, wembe wenye ufa unaoanzia kwenye makali haunyoi mtu, basi, hakuna mjadala, uweke kwa ajili ya mpini na pini zake. Gonga bapa taratibu kwa kucha: bapa jembamba zima linalia "tiiing" ndefu, lenye ufa linalia kama kikombe kilichopasuka. Ila nyembe nene za zamani zenye umbo la kabari hazilii sana hata zikiwa nzima, kwa hiyo hizo uziamini kwa lenzi.

Soma muhuri. Ukiona "England" au "Germany" imeandikwa kwenye shingo mara nyingi ni wa kuanzia 1891 kuja huku, maana sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia kule ziandikwe nchi zinakotoka. Usipoona nchi inaweza kuwa wa zamani zaidi, siyo lazima lakini inaweza. Angalia pia kama ubavuni kuna mchoro uliochorwa kwa asidi au maandishi yenye rangi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ni utando tu, kitambaa chenye polishi kikipita mara mbili tatu imeondoka na hairudi.

Mwisho kabisa pima unene wa mgongo na upana wa bapa kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, andika kwenye karatasi. Utahitaji namba hizo baadaye.

Hatua ya 2: ujue mpini ni wa nini

Hapa watu wanapita haraka na ndo pana hatari kubwa kuliko kutu yenyewe. Mipini ya zamani ilitengenezwa kwa pembe ya ng'ombe, mfupa, mpingo, pembe ya ndovu, magamba ya ng'amba (aina ya kasa wa baharini), na kuanzia mwisho wa karne ya 19 seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo iliyotengenezwa kuigiza hivyo vingine vyote.

Seluloidi ina kafuri ndani yake. Sugua mpini kwa kidole gumba mpaka upate joto kisha unuse, harufu ya kafuri tunaijua wote tuliowahi kukaa kwenye maziko. Ikiwa nzima haina shida, ila inashika moto vibaya sana, kwa hiyo usiipeleke karibu na kiberiti wala sindano ya moto kama wengine wanavyofundisha. Shida ni ikianza kuoza, maana inatoa mvuke wa asidi na huo mvuke unakula chuma. Dalili yake ukishaiona mara moja hutaisahau: ile sehemu ya bapa inayolala ndani ya mpini imeliwa na kutu nyingi, na sehemu iliyo nje ni safi kabisa, kama mtu amepiga mstari kwa rula. Mpini wenyewe unaweza kuwa na nyufa ndogo ndogo kama tope lililokauka na harufu kali inayouma pua. Wembe wa namna hiyo utoe kwenye boksi la wenzake leo leo, maana mvuke ule unaharibu na majirani, na huo mpini hauokoleki, unatolewa. Ni mahali pekee kwenye mwongozo huu ninapokwambia uende mbali na uende haraka.

Pembe ya ndovu ni habari nyingine. Inaonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu sehemu iliyokatwa mkingamo. Karne ya 19 pembe nyingi zilitoka bara zikapita Zanzibar zikaja kuwa funguo za piano na mipini huku Ulaya na Marekani, na waliozibeba mabegani mpaka pwani walikuwa watu wa kwetu, wapagazi, na wengine watumwa. Mimi nikishika mpini wa aina hiyo siutii msasa, siupigi polishi, naufuta kwa kitambaa kikavu tu na nauacha na mikwaruzo yake. Na sheria pia iko, Uingereza sheria ya pembe ya 2018 ilianza kutumika Juni 2022 na inakataza karibu biashara yote, Kenya biashara yake ni kosa kubwa, na kuvusha mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, unaweza kuishia mahakamani, ng'amba naye yumo. Kwa hiyo usiununue ukapanga kuupeleka Mombasa kama zawadi.

Hatua ya 3: amua mwisho wako, uandike

Kuna vituo vinne. Cha kwanza ni kufuta vumbi na kupaka mafuta, basi. Cha pili ni kutoa kutu nyekundu na kunoa makali, madoa meusi yanabaki. Cha tatu ni msasa wa mkono kupunguza vishimo. Cha nne ni bapa kung'aa kama kioo.

Maoni yangu nayasema wazi, nyembe tisa kati ya kumi mwisho wake ni kituo cha pili. Kinachonyoa ni ile milimita moja au mbili ya chuma nyuma ya makali, hiyo tu ndo lazima iwe safi. Doa jeusi katikati ya bapa halikuchubui shavu. Kutu nyekundu inakula, lazima itoke, ila ule weusi uliotulia umeshakaa na chuma na hauendi popote ukiupaka mafuta. Kituo cha tatu nakikubali kama vishimo vinakaribia makali, au kama wembe ni wa kawaida usio na mchoro na wewe unataka kujifunza. Kituo cha nne sijaona wembe uliokihitaji, na ndo kinachofuta kona kali zilizokatwa kwenye jiwe la kiwandani na fundi ambaye jina lake hatutalijua, baada ya hapo unabaki na kitu kinachong'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Kama wembe ni wa mzee wako, kuna jina limechanwa kwa msumari kwenye mpini, au pana alama ya kidole chake palipolika, kituo cha kwanza kinatosha, ongeza kunoa makali tu.

Hatua ya 4: kuosha na kutoa kutu

Bandika tepu kwenye makali kabla ya lolote. Osha kwa sabuni ya vyombo na mswaki laini, maji ya uvuguvugu, usiloweke, mpini wa pembe ukinywa maji unapinda. Futa, pitisha spiriti ya asilimia 70 kwenye bapa. Mpini wa seluloidi usiupake spiriti, unaweza kuyeyuka juu.

Kisha mafuta, mafuta ya cherehani ni mazuri tu, paka sehemu yenye kutu uache usiku mzima. Asubuhi chukua foili ya jikoni uikunje kidonge, iloweshe kwa maji kidogo, sugua kutu kwa upole. Foili ni laini kuliko chuma cha wembe kwa hiyo inang'oa kutu bila kuchana sana. Palipogoma tumia stilwaya laini kabisa, namba 0000, na mafuta. Palipogoma tena, polishi ya chuma kwenye kitambaa, ila mbali na mchoro na mbali na dhahabu.

Siki usitumie, wala ndimu. Najua inatoa kutu kwa saa chache na inaonekana kama miujiza, ila inakula na chuma kizuri kilichoko pembeni, bapa linatoka la kijivu na vishimo vimeongezeka kina, na michoro iliyochorwa kwa asidi inafifia.

Sugua kwa urefu wa bapa, au kutoka mgongoni kushuka kwenye makali huku bapa limelala juu ya ubao. Kidole kisitokee upande wa makali kuelekea mgongoni hata mara moja, tepu inateleza na mafuta na hapo ndo watu wanapelekwa kushonwa.

Hatua ya 5: msasa, kama umefika huku

Namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa unakwangua zaidi. Wengi wanaanza na 220 kwa sababu wanataka vishimo viondoke leo. Anza na 1000. Kama 1000 imetosha, umeokoa chuma. Haikutosha, shuka 800, halafu 600, na mimi chini ya 400 siendi. Ukishashuka itabidi upande tena ngazi zote, 600, 800, 1000, 1500, 2000, kila moja mpaka mikwaruzo ya iliyotangulia ifutike, hizo ni saa nyingi za mkono. Kata kizibo cha chupa ya mvinyo, funga msasa juu yake, lowesha kwa maji ya sabuni, kizibo kinafuata ule mbonyeo wa bapa wakati kidole kinachimba.

Sasa fikiria hesabu hii. Kishimo chenye kina cha sehemu mbili za kumi za milimita, ukitaka kifutike lazima ushushe eneo lote linalokizunguka kina hicho hicho. Kwenye wembe mnene wa kabari unaweza kulipa bei hiyo. Kwenye wembe wa Solingen uliochimbwa pande zote mpaka ukawa kama karatasi, nyuma ya makali hakuna chuma hicho, utatoboa au utabakiwa na bapa linaloyumba ukilibonya. Kwa hiyo mashimo yakikaribia makali kwenye bapa jembamba, siyo kwamba unatakiwa kusugua zaidi, unatakiwa kuacha.

Shingoni penye muhuri usipitishe msasa. Mgongoni pia usipitishe, na sababu ni hii: ukinoa wembe wa aina hii unaulaza bapa lote juu ya jiwe, mgongo na makali vinagusa pamoja, yaani mgongo ndo unaopanga pembe. Mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 17 vinakupa pembe ya digrii kama 17. Ukikwangua nusu milimita ya mgongo ili ung'ae, umeshuka mpaka digrii 15, makali yanakuwa dhaifu na yanameguka yenyewe. Ukipoteza milimita mbili za upana kwa kutoa pengo, umepanda mpaka digrii 19, na unaanza kusikia wembe unavuta ndevu. Ndo maana nilikwambia uandike namba.

Kuhusu mashine. Wembe wangu wa tatu kuununua ulikuwa wa Solingen, ubavuni una picha ya meli kwa dhahabu, kwenye ncha pana vishimo vinne vitano tu. Dhahabu niliifuta kwa polishi bila kujua, na vile nilishaiharibu nikaona basi niumalize ung'ae, nikachukua kimashine cha mkono chenye gurudumu la pamba. Ulikuwa unapendeza kweli. Nikabonya ncha kidogo zaidi, sekunde chache, nikaona rangi ya manjano inatembea kwenye chuma kama chai inavyoenea kwenye maji, ikawa zambarau, ikawa bluu kama shingo ya njiwa. Nilizima lakini kulikuwa hakuna cha kuzima. Manjano ile inaanza kwenye nyuzi 200 na kidogo, bluu ni karibu 300, na chuma cha wembe kikifika hapo ugumu wake umekwenda, hakishiki makali tena hata ukinoe mwaka mzima. Ninao mpaka leo, sentimita mbili za mwisho hazinyoi.

Kama lazima utumie mashine, shika bapa kwa vidole vitupu bila glavu, lowesha kwenye maji kila baada ya sekunde chache, na vidole vikisema moto umeshachelewa kidogo. Ila makali yawe na ulinzi, gurudumu lizunguke likitoka kwenye makali na siyo likiingia, maana likinasa litaurusha huo wembe na hujui utatua kwa nani.

Hatua ya 6: pini

Mpini ukicheza kidogo usiufungue. Weka pini juu ya chuma kigumu, gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, mapigo madogo madogo ya upole, geuza, gonga tena. Mara nyingi inakaza. Ukikaza kupita kiasi mpini unapasuka, na wa pembe uliokauka ndo hupasuka kwanza.

Unafungua tu kama seluloidi imeoza, mpini umevunjika, au kutu iko chini kabisa ya shingo na bado inakula. Kata kichwa cha pini kwa tupa, sukuma kilichobaki. Pini mpya ni waya wa shaba wa milimita 1.6. Na angalia, kabari za zamani nyingi ni za risasi, ile metali, kwa hiyo usiipige msasa mkavu ukavuta vumbi lake, na nawa mikono kabla ya kushika chakula.

Hatua ya 7: makali

Bandika tepu ya umeme safu moja mgongoni, inaongeza pembe kama digrii moja na inaulinda mgongo usilike, hasa kama ulishalika na wanoaji wa zamani. Jiwe la 1000 kwanza, bapa limelala kabisa, mkono mwepesi, makali mbele, mpaka pande zote mbili zikutane urefu wote. Jaribu kwenye malaika ya mkono, zikatike ngozi isiguswe. Usipofika hapo kwenye 1000 usihame, mawe ya juu hayatakusaidia. Kisha 4000, 8000, 12000, na ukiwa na lile jiwe la asili la Ubelgiji linaloitwa coticule linamalizia vizuri sana. Mwisho mkanda wa ngozi, mara hamsini, mgongo mbele, na mkanda umekaza.

Hapa ndo utajua kama ulisimama mahali sahihi. Makali yakibaki mazima chini ya lenzi, vishimo vilivyobaki juu havina kazi na wewe. Yakimeguka vidogo vidogo kila ukinoa, kutu imeingia ndani, rudi jiwe la 1000 ushushe nusu milimita ujaribu mara moja tena. Yakimeguka tena acha, huo ni wa kutazama.

Hatua ya 8: kuuhifadhi

Chuma hiki siyo chuma kisichoshika kutu. Ukiwa Tanga, Lamu, Dar, hewa ya chumvi inakuwekea doa usiku mmoja. Futa kwa kitambaa kikavu, pitisha kwenye ngozi mara kumi kuondoa unyevu, mafuta ya cherehani tone moja. Mafuta ya kupikia hapana, yananata. Usiuache bafuni. Na wembe ni wako peke yako, hili kwetu tumefundishwa tangu kampeni za UKIMWI na homa ya ini nayo inapita njia hiyo hiyo, hata kaka yako asiuazime.

Kile kikaratasi chenye namba usikitupe. Ongeza ulichofanya: ulitoa nini, msasa namba ngapi, pini ipi ni mpya, mpini ni wa nini. Kikunje ukiweke kwenye boksi pamoja na wembe, ili atakayeupokea baada yako ajue chuma kilichobaki ni kiasi gani kabla hajashika msasa wake.